Udi, asmini au chupa: kuchagua raha ya chumbani bila kuumiza misitu

Binti wa kaka yangu anaolewa mfungo mosi. Aliponiletea orodha ya vitu vya ndani nilikuta udi umepigwa mstari mwekundu. Ubani nao. Liwa, yaani unga wa msandali, imewekewa alama ya kuuliza. Pembeni kaandika kwa mwandiko wake wa ofisini: "moshi, miti, hapana." Kazi yake ni ya mambo ya mazingira, kwa hiyo nilijua iko siku tutagongana.

"Shangazi, sitaki ndoa yangu ikate mti."

"Na mumeo utamnukia nini, mwanangu? Sabuni ya kufulia?"

Tukacheka, lakini orodha haikuondoka mezani. Tuliijadili jioni tatu. Mimi nimefunda wari, wasichana wanaoandaliwa kwa ndoa, zaidi ya miaka 20, Tanga na Dar es Salaam, na niliamini kwamba vitu vya bibi zetu ni safi, uchafu wote umeletwa na duka. Yeye aliamini kwamba raha ya mwambao ni moshi na kuni tangu mwanzo, na kwamba chupa yenye picha ya jani la kijani ndiyo suluhisho. Kila mmoja wetu aliangushwa mahali ambapo hakupategemea. Haya ndiyo tuliyoyalinganisha, kwa yeyote anayepanga chumba na hataki kujinyima wala kujifanya haoni.

Kipimo chetu kilikuwa maswali mawili tu. Aliyekitoa kitu hiki, mti au mnyama, bado yuko hai? Na kitu chenyewe kikiisha, kinaacha nini nyuma?

Harufu ya chumba

Nianze na udi, maana hapo ndipo nilipofungwa bao la kwanza.

Mti wa udi si wa kwetu. Kitaalamu unaitwa Aquilaria, na kwao ni Asia, kuanzia Assam kule India mpaka visiwa vya Indonesia. Ukiukata ukiwa mzima utakuta mbao nyeupe, nyepesi, isiyonukia chochote. Harufu huja mti ukiumia. Kuvu huingia kwenye kidonda, mti nao hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi mzito unaoganda ndani ya mbao miaka na miaka. Ule ugonjwa ulioganda ndio udi. Mimi niliyeufukiza maisha yangu yote nilikuwa sijui kwamba nafukiza kovu.

Tatizo ni kwamba si kila mti una kovu hilo, na kwa nje si rahisi kujua. Wawindaji wa udi msituni hukata mingi ili wapate michache. Ndiyo maana aina maarufu zaidi, Aquilaria malaccensis, iliwekwa mwaka 1995 chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na miaka kumi baadaye jamii nzima ya miti hiyo ikafuata. Leo aina hiyo imo katika kundi la iliyo hatarini kabisa kutoweka. Kwa hiyo, kwa swali letu la kwanza, udi wa msituni unashindwa vibaya.

Ila kuna udi wa shambani. Vietnam, Thailand, Indonesia na kwingineko watu hupanda miti hii, wakaitoboa kwa makusudi na kuipandikiza kuvu ili itoe utomvu mapema. Mwisho wake mti hukatwa vilevile, lakini ulipandwa kwa kazi hiyo, kama tunavyopanda msaji. Harufu yake ni nyepesi kuliko ya msituni, wazee wataguna. Waache wagune.

Kuna na jambo la tatu, nalo linachekesha. Sehemu kubwa ya kinachoitwa udi sokoni kwetu ni udi wa kupika, yaani vipande vya mbao vilivyopikwa kwa sukari, marashi na mafuta mazito, na mbao yenyewe inaweza kuwa yoyote. Kuna na wa uongo kabisa. Mwaka mmoja niliuziwa vipande vyeusi tii nikaambiwa ni vya Kambodia, kwa bei ya kuvunja kibubu. Nilipoviloweka, maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nilipovitia kwenye kaa, nyumba ikanuka ndala inayoungua. Binti alipolisikia hilo alisema, "Basi yule tapeli ndiye aliyelinda msitu, Shangazi." Sikuwa na jibu.

Udi wa kupika uliopikwa na mtu unayemjua, kwa mbao ya kawaida na sukari na marashi ya kweli, si wa kudharau. Ni ufundi wetu, haukulazimishi kugusa mti wa porini wa mtu mwingine, na bei yake haimtoi mtu machozi. Muulize mpishi anatumia mbao gani. Asiyetaka kusema, mwache.

Sasa namna ya kufukiza, maana hapa ndipo wengi wanapoteza udi na kuzalisha moshi bure. Kaa likiwa jekundu ukaliwekea udi moja kwa moja, udi unaungua. Unachonusa ni nusu harufu, nusu kuungua. Acha kaa livae jivu kwanza, ongeza hata jivu kidogo juu yake, ndipo uweke kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kitajipika polepole, moshi mwembamba, harufu ndefu. Kisha usifukize hewa. Hewa inatoka dirishani na harufu yako inakwenda kwa jirani. Funika tenga juu ya chetezo, tandaza kanga na shuka juu yake, fukiza nguo. Kanga ya pamba iliyofukizwa na kufungiwa sandukuni hukaa na harufu siku nyingi. Bibi yangu alitumia kipande kimoja kwa fungate nzima, na hakuwa akifikiria misitu ya Asia. Alikuwa bahili tu.

Makaa ya chetezo ni machache mno ukilinganisha na ya sufuria la pilau, kwa hiyo tusijifanye chetezo ndicho kinachomaliza miti ya Pwani na Morogoro. Hata hivyo makaa ya vifuu vya nazi yapo, yanawaka vizuri na hayakati mti. Yale ya duara ya kuwaka haraka huwekewa chumvi ya kuwashia, na harufu yake hutangulia ya udi. Ukiyatumia, subiri harufu hiyo ya mwanzo iishe. Chetezo cha umeme kinafaa kwa nyumba za ghorofani, ila watu hukisahau kimewaka. Na kama mmoja wenu ana pumu, au kuna mtoto mchanga, moshi wa udi ni moshi kama mwingine wowote. Fukizeni nguo nje barazani, mlale na harufu bila moshi.

Ubani nilidhani utanisaidia kupata bao la kusawazisha. Ubani ni utomvu: unachanja gome, unasubiri, unakwangua, mti unaendelea kuishi. Ule mweupe wa Dhofar, Oman, na wa Somalia, hutoka kwenye mti wa Boswellia sacra, na mashamba yake kule Dhofar yameingia katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Ethiopia, Eritrea na Sudan wana ndugu yake, Boswellia papyrifera. Binti akanifungulia utafiti uliotoka mwaka 2019 kuhusu huyo wa pili: katika misitu mingi waliyoipima, miti mikubwa ipo lakini michanga haipo. Mifugo hula miche, moto huichoma, na miti mikubwa huchanjwa kupita kiasi. Watafiti walikadiria kwamba mavuno yatashuka kwa nusu ndani ya miaka 20. Mti uko hai, lakini hauna mtoto.

Swali letu la kwanza likapasuka hapo. Ikabidi tuliongezee: yuko hai, na ana mrithi?

Kaskazini mwa Kenya wafugaji huokota utomvu uliojitokea wenyewe kwenye magome, bila kuchanja. Ukiupata huo, ndio wa kununua. Hauna sura nzuri, vipande vimechanganyika na maganda, ila chetezoni hakuna anayetazama sura.

Halafu asmini. Hapa binti ndiye aliyenyamaza, maana hakuwa ameiandika kabisa. Aliihesabu kuwa pambo la harusi. Asmini huchumwa alasiri ikiwa bado vikonyo vilivyofumba, hutungwa au hutiwa kwenye kikuba, kile kifurushi cha maua ya kunukia, pamoja na mkadi na rehani, na hufunguka usiku, saa ileile inayotakiwa. Haihitaji moto. Haihitaji chupa. Mti unabaki uani ukisubiri kesho. Ukimwaga vikonyo kwenye mto na kichwani, harufu inakuja kwa joto la mwili, na mtu analazimika kusogea karibu ili ainuse, jambo ambalo udi haulifanyi, kwani udi hukupokea toka mlangoni. Sisi makungwi tunajua tofauti hiyo.

Kasoro zake? Hukaa usiku mmoja. Kipupwe huadimika. Na siku hizi watungaji wengi wanatumia uzi wa nailoni, ukishakauka maua yanakwenda kwenye mboji na uzi unabaki milele. Peleka uzi wako wa pamba. Wala usikubali kufungiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mbali na sheria, asmini hutoka jasho humo na kugeuka rangi ya chai. Jani la mgomba lilitosha zamani, linatosha sasa.

Chupa ya dukani tuliiacha mwisho. Niliitaka ishindwe, na haikushindwa kirahisi.

Kopo la kupulizia hewani ndilo baya kuliko yote tuliyoyatazama, kwa maoni yangu. Zamani lilitumia gesi zilizotoboa tabaka la ozoni, mpaka mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Sasa hutumia gesi za jamii ya ile ya kupikia. Ozoni imepata nafuu hapo, lakini bado unavuta gesi na manukato usiyojua yametengenezwa na nini, harufu inadumu nusu saa, kopo linabaki miaka. Halina hata heshima ya kutongoza. Linafunika harufu, halileti harufu.

Marashi ya chupa ya kujipaka ni habari nyingine. Miski ya asili hutoka kwenye kifuko cha paa dume wa Asia, ambaye kwa kawaida huuawa ili kipatikane. Miski ya maabara humpunguzia mauaji. Vivyo hivyo harufu ya liwa iliyotengenezwa kiwandani: kila chupa yake ni mti usiong'olewa. Kwa hiyo anayekwambia "ya asili tu ndiyo safi" muulize kuhusu paa. Upande wa pili, baadhi ya miski hizo za maabara haziozi upesi, zimekutwa mitoni na katika samaki. Tone moja nyuma ya sikio, si nusu chupa kwenye shuka.

Na chupa ya kifahari nayo ina kuni ndani yake. Mlangilangi wa Komoro, ule unaochanua maua ya manjano yaliyonyongea, ni kiungo kikubwa cha marashi ya Ufaransa; hata Chanel No. 5, iliyotoka mwaka 1921, inao. Mafuta yake hukamuliwa kwa mvuke, saa nyingi mfululizo, na katika kisiwa cha Nzuani moto huo kwa miaka mingi umekuwa wa kuni. Milima pale imekuwa mikavu, mito imepungua. Binti alikuwa na chupa ya namna hiyo mkobani. Aliifunga zipu taratibu.

| | Aliyekitoa yuko hai, ana mrithi? | Kinaacha nini | Hudumu |
|---|---|---|---|
| Udi wa msituni | Hapana | Jivu, moshi | Siku kadhaa nguoni |
| Udi wa kupika | Inategemea mbao | Jivu, moshi | Usiku hadi siku mbili |
| Ubani wa kuokotwa | Ndiyo | Jivu, moshi | Saa chache |
| Asmini, kikuba | Ndiyo, uani kwako | Maua makavu | Usiku mmoja |
| Marashi ya kujipaka | Mara nyingine | Chupa ya kioo | Mchana kutwa |
| Kopo la kupulizia | Hakuna anayejua | Kopo, gesi | Nusu saa |

Kama ni chumba cha kila siku, chukua asmini, na kipupwe rehani na karafuu chache kwenye maji moto. Kama ni usiku wa kuingia mume, udi kidogo kwenye nguo, asmini kitandani. Mchanganyiko huo haujawahi kuniangusha.

Ngozi: singo au tyubu?

Singo yangu, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili wa mwari, ina mawaridi makavu, asmini, mlangilangi, karafuu, dalia, na, mpaka mwaka jana, liwa. Karibu viungo vyote hivyo ukivitazama ni maua na vikonyo, mti unabaki. Mkarafuu unavunwa miongo mingi, na hata makonyo yake hayatupwi: kiwanda cha Wawi kule Pemba huyakamua mafuta. Kisichobaki ni liwa.

Msandali wa India hutoa harufu yake kwenye kiini cha shina na mizizi, kwa hiyo huvunwa kwa kung'olewa. Ulithaminiwa kiasi kwamba Tipu Sultan wa Mysore aliutangaza mwaka 1792 kuwa mti wa mfalme. Leo porini umepungua sana, na mwingi wa halali hutoka mashambani, hata Australia. Lakini lililonichoma ni la hapa nyumbani. Tuna msandali wetu, Osyris lanceolata, kichaka cha nyika kavu za Kenya, Tanzania na majirani. Ulipoanza kutafutwa kwa ajili ya mafuta, watu waliuchimbua mpaka mzizi. Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 nchi za Afrika Mashariki zikaufikisha kwenye orodha ya CITES, na bado malori yanakamatwa. Unga wa liwa unaouziwa sokoni hauna cheti. Huwezi kujua umetoka shambani Australia au umeng'olewa nyikani juzi.

Niliuliza alama ya kuuliza ya binti ilimaanisha nini. Akasema, "Nilijua hutakubali." Nimekubali. Wari wawili wa mwisho niliwasinga bila liwa. Nikaongeza waridi, nikaongeza karafuu kwa tahadhari, maana ikizidi huwasha, na kidogo ya mdalasini wa unga. Mama wa mmoja wao, mjuzi kweli, alinusa akasema pana kitu kimepungua. Nikamwambia umri. Ukweli ni kwamba harufu haikuwa ileile, na sitadanganya kuwa ni ileile. Ngozi ilitoka laini vilevile.

Tyubu ya kusugulia ya dukani ina jambo moja la kutazama: nyingi zilikuwa na punje ndogo za plastiki, ambazo baada ya kuoga huishia baharini na matumboni mwa samaki. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015 na Uingereza ikafuata mwaka 2018, lakini bidhaa husafiri kuliko sheria. Geuza tyubu, ukiona neno polyethylene, irudishe rafuni. Zile za chumvi, sukari, au kokwa iliyosagwa hazina neno, isipokuwa unalipia kwa bei kubwa kitu ambacho jikoni unacho.

Hina na piko, haraka tu: hina ni majani, piko ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, nayo imeunguza mikono ya mabibi harusi wengi tu. Mweusi wa piko unavutia, nakiri. Kovu lenye umbo la ua halivutii.

Mafuta ya kukandia. Mafuta ya mgando ya dukani ni zao la kusafisha mafuta ghafi. Hayaozi, hayaharibiki, ni rahisi, na yanafanya kazi. Mafuta ya nazi ni zao la mti unaoendelea kuzaa, yananukia, yanayeyuka kwa joto la kiganja, na kwa kukanda hayana mpinzani. Mimi ni wa nazi bila kupepesa. Lakini lisikilizeni hili wanaopanga uzazi: mafuta ya aina yoyote, ya nazi au ya mgando, hudhoofisha kondomu za mpira mpaka zipasuke. Anayezitumia achukue jeli ya maji, na nazi aibakize mgongoni na miguuni. Na kondomu ikishatumika itiwe kwenye taka, isitupwe chooni, inaziba bomba. Nafunda hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakuna mwari aliyezimia.

Kitanda na kinachovaliwa

Binti alikuwa ameandika gauni la kulalia la satini, matatu. Satini ya bei yetu ni poliesta, uzi wa plastiki. Inateleza, inang'aa, picha zinatoka vizuri. Ukiilala Dar es Salaam mwezi Februari utaamka kama samaki kwenye mfuko. Kila ikifuliwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo hazirudi kuwa udongo. Haishiki harufu ya udi pia. Jaribu, asubuhi imenuka jasho tu.

Kanga ya pamba inanyonya jasho, inashika harufu, inafunguka kwa mkono mmoja, na ina maneno. Unaweza kuchagua jina la usiku huo na mwenzio akasoma kabla hujasema lolote. Pamba nayo si malaika: hunyunyiziwa dawa shambani, na rangi za kiwandani huchafua mito. Ila pamba ya Simiyu na Shinyanga hulimwa kwa mvua, haikaushi mto kwa umwagiliaji, na kanga ikichakaa huwa beleko, kisha nepi, kisha tambara la jikoni. Angalia tu usiuziwe kanga ya poliesta, zimejaa. Chomoa uzi kwenye pindo, uchome: pamba hunuka karatasi na kuwa jivu, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Satini moja tumeibakiza. Ya picha.

Godoro sikupata mshindi wa wazi. La sponji hutengenezwa na mafuta ghafi, likibonyea halina kazi tena, na kulitupa ni balaa. La usufi hujazwa nyuzi za mmea unaoota hapahapa. Likisinyaa unalifungua, unalianika, unalichambua na kulishona upya. Lakini lina madonge, lina uzito, linapenda unyevu, na si mafundi wengi waliobaki. Kwa ndoa changa yenye kitanda chenye shughuli, nilimwambia achukue sponji nzito itakayokaa miaka, asinunue nyepesi ya kubadilisha kila baada ya miaka miwili. Mito ndiyo iwe ya usufi. Kichwa kinalala pazuri zaidi, na hapo gharama ni ndogo.

Kiyoyozi ndicho tulichogombania usiku mzima. Feni ya dari hula kama wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha chumba, kikiwa kinafanya kazi, hula karibu wati 1,000. Kwa hesabu ya binti hakuna mjadala. Kwa hesabu yangu upo: watu wawili wenye joto hawakaribiani. Nimeona ndoa zikilala kila mtu ukingoni kwa sababu ya mwezi wa pili. Na kiyoyozi kinataka madirisha yafungwe, kumbe ukifunga madirisha asmini moja inatosha chumba kizima. Tulikubaliana kiwashwe saa moja kabla ya kulala, kizimwe, feni iendelee. Kaka yangu, ambaye hatukujua anasikiliza kutoka barazani, akasema nyumba za zamani zilikuwa na kuta nene na madirisha marefu na hakuna aliyelalamika. Tukamkumbusha kwamba yeye alikuwa analala kwenye paa.

Shanga hazikuchukua muda: za kioo, si za plastiki. Za kioo zina uzito, zina baridi mwanzoni na joto baadaye, na zina sauti. Za plastiki hazina sauti, na shanga zisizo na sauti kazi yake siioni.

Orodha ilivyotoka

Udi umerudi, kopo dogo, wa kupika, kutoka kwa mama mmoja wa Chumbageni anayetumia mabaki ya mbao za fundi seremala. Liwa imeondoka. Chupa ya mkobani itatumika mpaka iishe, maana kuitupa hakumrudishii mtu kuni zake. Makopo ya kupulizia, sifuri. Satini moja, kanga doti sita. Ubani tunasubiri mtu anayerudi kutoka Isiolo, kule kaskazini mwa Kenya.

Na asmini. Nimekata kitawi kwenye mti wa bibi kule Tanga, nimekipanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, kiko kibarazani kwangu. Binti hunipigia simu kila Ijumaa kuuliza kimetoa nini. Mpaka leo kimetoa majani manne. Zimebaki wiki sita, na asmini ya kitawi haina haraka ya mtu, kwa hiyo nimeshazungumza na jirani mwenye mti mkubwa, na uzi wa pamba nimempelekea, rili mbili, nyeupe.